Maswali yenu: Namba za lodiseli zinageukaje kuwa gramu?

Safari hii barua zimeelemea upande mmoja, karibu zote zinaulizia mizani ya kujiundia. Watu wana lodiseli (sensa ya uzito), wana moduli ya HX711 (kibodi kidogo kinachokuza ishara yake na kuigeuza namba), programu inakimbia vizuri na namba zinatoka, ila zinatoka namba za ajabu ajabu ambazo hazifanani na uzito wowote. Zilizofanana nimeziunganisha, na jibu la kwanza limekuwa refu makusudi maana ukilielewa hilo mengine yote yanakuwa mepesi.

Shikamoo fundi. Mimi ni mwanafunzi, nimefunga lodiseli ya kilo 5 kwenye HX711 na Arduino (bodi ndogo ya kuprogramu). Sijaweka kitu chochote naona 84,200 hivi, inachezacheza, nikiweka mzigo inapanda mpaka laki kadhaa. Hizi namba ni gramu au ni volti? Na nafanyaje zije kwenye kilo?

Marahaba. Sio gramu na wala sio volti, ni hesabu tu, mimi huwa naziita kaunti, na ili ujue zinatoka wapi inabidi tuanzie kwenye chuma chenyewe.

Lodiseli ni kipande cha aluminiamu au chuma kilichochongwa ili kikibebeshwa mzigo kipinde kidogo sana, kiasi kwamba kwa macho huoni kitu. Juu yake zimegandishwa geji za mkazo, vijikaratasi vyenye njia nyembamba ya metali inayojikunja kunja, ukiivuta ukinzani wake unapanda, ukiibana unashuka. Hiyo tabia ya metali Lord Kelvin aliieleza tangu 1856, lakini geji ya kugandisha kama tunayoitumia leo ilikuja 1938 kwa Edward Simmons na Arthur Ruge, kila mmoja kivyake, na mpaka leo mizani nyingi za kielektroniki duniani zimesimama juu ya kazi yao. Geji nne zinafungwa kwa mtindo wa daraja la Wheatstone (saketi ya ukinzani nne zilizoungana kama pete), mbili zinavutwa wakati mbili zinabanwa, na tofauti kati ya pande mbili za daraja ndio ishara yako.

Sasa hiyo ishara ni ndogo kupita kiasi. Lodiseli yako ikiwa imeandikwa 1 mV/V, maana yake kwa kila volti 1 unayoilisha itakurudishia milivolti 1 ikiwa imebeba mzigo wake wote, kwa hiyo kwa volti 5 na kilo 5 juu yake unapata milivolti 5 tu. Ndo maana huwezi kuichomeka moja kwa moja kwenye pini ya analogi ya Arduino ukategemea kitu. HX711 inaikuza mara 128, alafu inaigeuza kuwa namba ya biti 24 ambayo inaweza kuwa popote kuanzia -8,388,608 mpaka 8,388,607, na hiyo 84,200 unayoiona ni mahali fulani kwenye huo mstari mrefu.

Kwa nini sio sifuri wakati hujaweka kitu? Kwa sababu geji nne hazifanani asilimia mia, gundi na kulehemu kuna vijitofauti vyake, alafu na sahani uliyoifunga juu ina uzito wake. Hilo sio tatizo na usihangaike kuliondoa kwa waya, unaliandika tu kama namba ya sifuri.

Baada ya hapo unatafuta namba moja tu nyingine, kigawanyo, yaani kaunti ngapi zinafanya gramu moja. Hesabu yote ni hii:

kigawanyo = (kaunti zenye mzigo − kaunti za sifuri) ÷ gramu za mzigo

uzito = (kaunti za sasa − kaunti za sifuri) ÷ kigawanyo

Tufanye mfano. Mizani tupu inasoma 84,200. Unaweka jiwe la mizani la gramu 2,000 inasoma 942,200. Tofauti ni 858,000, gawa kwa 2,000 unapata kaunti 429 kwa gramu. Baadae unaweka kitu usichokijua inasoma 470,300, unatoa 84,200 inabaki 386,100, gawa kwa 429 unapata gramu 900. Basi, hakuna uchawi mwingine, na laibrari zote za HX711 ndani yake zinafanya hiyo hiyo kutoa na kugawanya, zinatofautiana majina tu.

Ila kuna namna ya kuifanya ili ikae. Washa kila kitu uache kipate joto lake kwanza, robo saa hata zaidi, kisha chukua wastani wa sampuli nyingi sio sampuli moja, 20 au 30 zinatosha. Jiwe la kukalibretia (kulinganishia mizani na uzito unaojulikana) liwe kubwa, walau nusu ya uwezo wa lodiseli, na hapa watu wengi wanaharibu: wanakalibreti mizani ya kilo 5 kwa kitu cha gramu 100 ambacho wamekikosea gramu 1, hiyo ni asilimia 1, na ukifika kwenye kilo 5 ile gramu 1 imeshakuwa gramu 50. Ukikosea gramu 1 kwenye jiwe la kilo 4 kule juu inabaki kama gramu 1.25 tu.

Alafu usimalizie hapo, tafuta mzigo mwingine unaoujua, ulio tofauti na ule wa kwanza, uupime. Nukta mbili (sifuri na lile jiwe) siku zote zitakupa mstari ulionyooka hata kama lodiseli imepinda na imeguswa na bolti pembeni, kwa hiyo zenyewe haziwezi kukuonyesha kosa lako, nukta ya tatu ndio inakwambia ukweli. Kama una mawe ya kutosha panda kwa robo, nusu, robo tatu, mzigo kamili, alafu shuka kwa hatua zile zile ukiandika. Ukiona wakati wa kushuka namba hazirudi pale pale zilipokuwa wakati wa kupanda, hiyo inaitwa histeresisi, kidogo ni kawaida ya chuma, ikiwa kubwa kuna kitu kinasugua au kuna nati imelegea.

Fundi habari. Kuna video niliangalia jamaa katumia lodiseli kama yangu, kigawanyo chake nikakinakili vile vile. Kilo 1 inasoma gramu 870 na mbele kuna alama ya kutoa. Moduli imekufa?

Haijafa ndugu yangu, inafanya kazi. Kigawanyo cha mtu ni cha mizani yake, kimezaliwa na lodiseli ile, sahani ile, bolti zile, hakihami. Hata lodiseli mbili za aina moja zilizotoka kwenye boksi moja hazitoi namba moja, karatasi ya lodiseli ya kawaida inaweza kusema 1.0 mV/V jumlisha au toa 0.15, na hiyo 0.15 ni asilimia 15 nzima, kwa hiyo gramu 870 kwenye kilo 1 iko ndani kabisa ya kile ambacho mtengenezaji mwenyewe amekwambia kitatokea. Pima zako, weka zako.

Lakini karatasi ina kazi nyingine nzuri sana ambayo naona watu hawaitumii, inakwambia kigawanyo chako kinatakiwa kiwe maeneo gani kabla hata hujaweka jiwe. Kwa HX711 ikiwa kwenye ukuzaji wa 128, kila 1 mV/V inakupa kama kaunti 2,147,000 kwa mzigo kamili. Gawa kwa uwezo wa lodiseli kwa gramu: ya kilo 5 utapata karibu 429, ya kilo 10 karibu 215, ya kilo 20 karibu 107, ya kilo 1 karibu 2,147. Lodiseli ya 2 mV/V zidisha mara mbili. Na usishangae sijataja volti za kulisha lodiseli hapo, kwenye moduli iliyofungwa kawaida HX711 inajilinganisha na volti zile zile zinazolisha daraja, kwa hiyo volti zikishuka vinashuka vyote kwa pamoja na uwiano unabaki pale pale.

Sasa ukishapata kigawanyo chako ukilinganishe. Kikiwa karibu na hicho cha karatasi, vizuri. Kikiwa nusu yake kamili, angalia programu yako, inawezekana imechagua ukuzaji wa 64. Kikiwa robo, huenda unasoma chaneli B (njia ya pili ya HX711 ya kuingizia ishara) ambayo ukuzaji wake ni 32. Kikiwa pungufu kwa namna isiyoeleweka, asilimia 40 hivi au 60, acha programu, chukua tochi uangalie chuma, kuna mahali mzigo unapita pembeni bila kupitia kwenye lodiseli, sahani inagusa fremu au kebo ngumu inaibeba.

Alama ya kutoa ni waya mbili za ishara zimebadilishana, A+ na A−, au lodiseli imefungwa kichwa chini, ile yenye mshale ubavuni mshale unatakiwa uelekee upande ambao mzigo unasukuma. Unaweza kuweka kigawanyo chenye alama ya kutoa na hesabu zitatoka sawa, ila mimi napendelea kubadilisha waya, maana atakayekuja kufungua hiyo mizani baada yako akikuta kigawanyo hasi atapoteza muda kujiuliza.

Mizani yangu inapanda yenyewe. Naweka mzigo inasoma 3,000, nikirudi baada ya nusu saa 3,004, usiku inasoma tofauti na mchana, na hata sekunde kwa sekunde inaruka ruka. Nimeongeza wastani mpaka sampuli 100 bado. Nifanye nini?

Hapa umeandika matatizo matatu kwenye sentensi moja na kila moja lina dawa yake, ukiyachanganya hutapona.

La kuruka ruka sekunde kwa sekunde ni kelele, yaani mtikisiko wa ishara, sio sauti. Watu wanasikia biti 24 wanadhani wana hatua milioni 16 za kweli, hapana, kelele ya HX711 yenyewe kwenye ukuzaji wa 128 na kasi ya sampuli 10 kwa sekunde ni kama nanovolti 50 kwa kipimo cha rms (aina ya wastani wa mtikisiko). Mzigo kamili ukiwa milivolti 5, hiyo ni sehemu moja ya laki moja, kwenye kilo 5 ni gramu 0.05, na kutoka chini kabisa hadi juu kabisa inaweza kufika kama gramu 0.3. Kwa hiyo ukionyesha desimali tatu kwenye skrini unaonyesha kelele, kata desimali utalala vizuri. Ikiruka zaidi ya hapo kwa kiasi kikubwa tafuta sababu nje: waya za lodiseli ni ndefu hazijasukwa pamoja, zinapita karibu na mota au transfoma, viungo havijalehemiwa vimebanwa tu, au feni iko jirani inapuliza sahani. Na kama pini ya kasi imewekwa kwenye sampuli 80 na hauna haja nazo, irudishe kwenye 10, kelele inapungua, na kwenye hiyo kasi chipu inachuja yenyewe mtikisiko wa umeme wa hezi 50 na 60.

Wastani wa sampuli 100 kwa kasi ya 10 ni kusubiri sekunde 10 nzima kwa jibu moja, na kama kati yao kuna namba moja iliyoharibika inakuvutia wastani wote. Chukua mediani (namba ya katikati ukizipanga kwa ukubwa) ya sampuli chache kwanza ili hiyo mbovu itupwe, alafu ndo ufanye wastani wa mediani. Namba mbovu zenyewe mara nyingi zinatoka kwenye programu, pini ya saa (clock) ya HX711 ikibaki juu zaidi ya mikrosekunde 60 chipu inaenda kulala, kwa hiyo kazi nyingine ya prosesa ikikatiza katikati ya usomaji unapata takataka. Zuia ukatizaji kwa muda ule mfupi wa kusoma.

La pili, kupanda taratibu mzigo ukiwa umetulia, hilo ni kutambaa kwa chuma na gundi, mzigo ukikaa lodiseli inaendelea kujipinda kidogo kidogo. Ukitoa mzigo itarudi taratibu vile vile. Gramu 4 kwenye 3,000 ni asilimia 0.13, kwa lodiseli za aluminiamu za kujifunzia hilo linaweza kuwa kawaida, na lodiseli nzuri zaidi ndio dawa, programu haiwezi kuliondoa vizuri. Unachoweza kufanya ni kusoma kwa muda ule ule siku zote, mfano sekunde 5 baada ya kuweka mzigo, na kukalibreti kwa muda huo huo pia. Na usiache mzigo umekaa juu kwa siku nzima alafu utegemee sifuri safi asubuhi.

La tatu, usiku na mchana, ni joto. Sifuri inahama na joto, na kigawanyo nacho kinahama ila kidogo zaidi. Geji nne zimewekwa ili joto lifutane, lakini halifutani lote, hasa jua likipiga upande mmoja wa lodiseli au regyuleta yenye moto ikiwa jirani. Ikinge jua na upepo, tenga saketi zenye moto, na kila mizani ikiwa tupu kweli programu irudishe sifuri yenyewe taratibu. Hapo pawe na masharti: isogeze sifuri pale tu namba imetulia na iko karibu sana na sifuri, labda ndani ya gramu 2, la sivyo mtu akimimina kitu polepole mizani itakuwa inakila chote.

Nimeunda jukwaa kwa sensa nne za mizani ya bafuni, zile za kilo 50 zenye waya tatu tatu. Kona moja inasoma zaidi, nyingine pungufu. Kila kona niipe kigawanyo chake?

Inategemea umezifunga vipi. Hizo za waya tatu kila moja ni nusu daraja tu, ina geji mbili, zinahitaji wenzake ili daraja likamilike. Kwanza usiamini rangi za waya, chukua multimita: waya mbili za pembeni kati yake utasoma kama omu 2,000, na ile ya katikati hadi kila moja ya pembeni kama omu 1,000. Zungusha sensa kama pete, nyeupe ya hii na nyeupe ya jirani, nyeusi ya hii na nyeusi ya jirani wa upande wa pili, alafu waya za katikati za kona mbili zinazotazamana ziende E+ na E− (pini zinazolisha daraja umeme), za kona mbili zilizobaki ziende A+ na A−. Zikishafungwa hivyo ni daraja moja, HX711 inaona jumla tu, haijui mzigo uko kona gani, kwa hiyo kigawanyo ni kimoja na huwezi kuipa kila kona cha kwake.

Ili uweze kuirekebisha kona moja moja inabidi kila sensa iwe na HX711 yake na daraja lililokamilishwa kwa rezista thabiti, alafu programu inajumlisha nne. Ni kazi zaidi lakini kwa jukwaa kubwa inalipa, maana unakalibreti kila kona kivyake na pia unajua ikifa ni ipi.

Kabla ya kufika huko angalia chuma. Sensa hizo zina ulimi wa katikati ambao lazima uwe huru kupinda, ukiigandisha kwenye ubao bapa ulimi haupindi na ile kona inapoteza uzito. Jukwaa liwe gumu lisibonyee katikati, sakafu iwe bapa, miguu yote minne iguse. Kwenye kujaribu, chukua mzigo wa kama theluthi ya uwezo wa mizani, ndio kiasi ambacho mwongozo wa kimataifa wa OIML R 76 unatumia kwa mizani yenye miguu isiyozidi minne, uweke kila kona kwa zamu uandike. Mara nyingi ukishanyoosha miguu na kuachia zile ndimi, tofauti iliyokuwa inakusumbua inapungua mpaka haina maana tena.

Sina mawe ya mizani. Naweza kutumia maji?

Unaweza, ila pima vizuri. Lita 1 ya maji safi yenye nyuzijoto 20 ni kama gramu 998, yenye 30 ni kama gramu 996, kwa hiyo maji sio tatizo, tatizo ni lita yenyewe, mstari wa jagi unaweza kukupotosha kwa asilimia kadhaa. Weka chombo kitupu kwanza uandike kaunti, kisha maji, tumia tofauti. Bora kuliko hapo ni kuchukua kitu kigumu kisichonywa unyevu, kipande cha chuma, ukipime kwenye mizani iliyohakikiwa, ukiandike uzito wake juu yake, hilo ndo linakuwa jiwe lako la miaka yote. Jiwe halisi la kilo 1 la kiwango cha usahihi M1 linaruhusiwa kukosea miligramu 50 tu, hiyo ni nzuri kuliko lodiseli yako inavyoweza kuona. Na kama mizani ni ya kuuzia watu, kalibresheni yako ya nyumbani haitoshi hata kama ni nzuri, lazima ihakikiwe na mamlaka ya vipimo, hapo hakuna njia ya mkato.

Nataka isome nyutoni, na pia ratili. Nikalibreti mara tatu?

Mara moja tu, kwa gramu, alafu badilisha kipimo pale kwenye kuonyesha. Ratili moja ya kimataifa ni kilo 0.45359237 kamili. Nyutoni zidisha kilo kwa mvutano wa dunia wa mahali ulipo, na hapo kuna jambo la kulijua: lodiseli haipimi tungamo, inapima kani inayosukuma. Mvutano kwenye ikweta usawa wa bahari ni kama 9.780 na kwenye ncha za dunia kama 9.832, tofauti ya karibu asilimia 0.5, kwa hiyo mizani iliyokalibretiwa ikweta ikipelekwa ncha ya dunia itasema kilo 1 ni gramu 1,005. Ukihamisha mizani mbali, kalibreti upya ilipo.

Programu yangu ikifika 32,767 inageuka hasi ghafla. Na nyingine, nikizima umeme inasahau kila kitu.

Umehifadhi kaunti kwenye int (aina fupi ya namba nzima kwenye programu), kwenye Arduino za biti 8 hiyo inaishia 32,767. Tumia long, ambayo ni ndefu zaidi. Na kwenye kugawanya tumia float, la sivyo desimali zote zinakatwa. Kama namba imeganda kwenye 8,388,607 au -8,388,608 hilo ni jambo jingine, daraja limefika mwisho wake, waya imekatika au umekosea pini.

Kusahau, hifadhi namba mbili, ya sifuri na kigawanyo, kwenye EEPROM (memori isiyofutika umeme ukikatika), na pembeni yake weka namba ya alama ili programu ikiwaka ijue kilichomo ni halali na sio takataka za mwanzo.

Mzee, lodiseli zangu nne ziko chini ya tangi la maji la kilo 2,000 ambalo halitoki na mara nyingi lina maji. Programu ikiwaka inafanya tea (tare, kuuhesabu uzito uliopo kuwa sifuri), basi kila umeme ukikatika tangi linasoma sifuri wakati limejaa nusu. Nakalibretije kitu nisichoweza kukimwaga?

Ndugu, toa kabisa hiyo tea ya kuwasha. Imewekwa kwenye mifano mingi kwa sababu mizani ya mezani huwa tupu ikiwashwa, kwenye tangi ni hatari, mtu anaweza kuwasha pampu tangi likafurika kwa sababu namba imemdanganya. Sifuri ya tangi isomwe kutoka kwenye memori, na kubadilishwa kwake kuwe na kitufe kinachohitaji kushikwa kwa muda, au nywila.

Tofautisha vitu viwili kwenye programu: sifuri ya mizani, ambayo ni tangi tupu na mabomba yake, haiguswi kila siku, na tea ya mtumiaji, ambayo ni namba ya pembeni unayoitoa tu kwenye kuonyesha na inafutika bila kuharibu kitu.

Kigawanyo unaweza kukipata bila kumwaga, maana hesabu inataka tofauti tu. Maji yakiwa yametulia, pampu na valvu zote zimefungwa, andika kaunti. Ning'iniza au panga juu ya fremu ya tangi mzigo unaoujua, tuseme kilo 200 za mawe yaliyopimwa, ukiusambaza sawa kwenye miguu minne, andika tena. Tofauti gawa kwa 200. Alafu ondoa mawe, ongeza maji mpaka kaunti zirudi pale zilipokuwa na mawe juu, sasa hayo maji ni kilo 200, weka mawe tena juu yake uandike, na hivyo hivyo unapanda ngazi kwa ngazi mpaka karibu na kujaa. Ukifika juu utakuwa na nukta nyingi kwa mawe yale yale machache, zichore kwenye karatasi uone kama zinanyooka. Fanya siku ambayo haina upepo na tangi halipigwi jua upande mmoja, na usikatishe katikati, maana joto likihama katikati ya ngazi kosa lake linabebwa mpaka juu.

Sifuri ndio lazima usubiri siku tangi likioshwa. Kabla ya siku hiyo unaweza kuikadiria, ukishakuwa na kigawanyo pima kina cha maji kwa kijiti, piga ujazo wake, pata kilo, zidisha kwa kigawanyo utoe kwenye kaunti za sasa. Iandike kama ya muda, na kwenye programu pia iandike hivyo.

Mwisho angalia mabomba. Bomba gumu la chuma lililofungwa kwenye tangi na kwenye ukuta linabeba sehemu ya uzito, na kiasi linachobeba kinabadilika joto likibadilika, kwa hiyo utakalibreti leo vizuri na wiki ijayo itakuwa imehama na utalaumu lodiseli. Weka kipande cha bomba laini kati ya tangi na ukuta, kilalie mlalo, na ufanye hivyo kabla hujaanza kupanga mawe.